Mlango wa Tatu

Mzee Elphas Mkhize alikuwa ameyapanga majibu yake kabla mgeni hajabisha hodi. Alimwonyesha mpelelezi kiti, akaketi mkabala naye, akakunja mikono juu ya tumbo.

"Uliza, MaZondi. Nimekwisha kuulizwa na wakubwa kuliko wewe."

Khethiwe Zondi alifanya kazi katika kitengo cha serikali kinachowatafuta watu waliopotea mikononi mwa polisi wakati wa ubaguzi wa rangi. Alifungua faili. Juu kabisa palikuwa na hati ya kiapo iliyotiwa saini na Mkhize zaidi ya miaka thelathini iliyopita, alipokuwa sajini na dereva wa askari wa usalama. Hati ilisema kwamba Vukani Mchunu, mwalimu, mfungwa wa kisiasa, aliachiliwa akiwa mzima. Ilisema kwamba Mkhize mwenyewe alimpeleka kwa gari hadi njia ya Lesotho, na huko wakaagana vizuri.

Tangu hapo hakuna aliyemwona Vukani. Mama yake, MaDladla, alikuwa bado anamngoja. Sasa mahakama ilikuwa imeufungua upya uchunguzi wa kutoweka kwake, na kikao kilikuwa Alhamisi. Pasipopatikana ushahidi mpya, jaji angelifunga faili kwa maneno yale yale ya zamani: alitoroka nchi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Khabazela," alisema Khethiwe, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wa Mkhize, kama adabu inavyotaka. "Alivaa nini siku hiyo?"

"Koti la kahawia."

"Alibeba nini?"

"Mfuko wa karatasi."

"Na miguuni?"

"Viatu, mama. Ulitaka avae sufuria?"

"Mlipita njia gani?"

"Barabara kuu, moja kwa moja mpaka milimani."

"Hamkupita upande wa Msinga?"

"Msinga sijawahi kufanya kazi. Hata siku moja. Soma kiapo."

"Wapo wanaosema kwamba wenzako walikuwa na shamba upande ule. Mahali pa kuwahojia watu bila kuandika chochote."

"Shamba! Kama tulikuwa na shamba, na mimi ni mjomba wa mfalme!"

Akacheka. Kicheko chake kilianzia puani, kikapanda, kikakatika ghafla kama mlio wa bomba lililofungwa. Mkewe, MaShezi, aliingia na sinia ya chai.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia Khethiwe. "Huyu tangu anioe ni mjomba wa mfalme, na mfalme hajatuletea hata mbuzi."

Khethiwe alikunywa chai, akashukuru, akaandika. Mlangoni mzee alimshika mkono.

"Mwambie yule mama aache. Mwanawe alikwenda zake. Vijana huenda."

"Alhamisi utamwambia mwenyewe, Khabazela. Atakuwa kiti cha mbele."

*

Hazina ya kanda za sauti ilikuwa chini ya jengo la chuo cha zamani cha wachungaji, Pietermaritzburg. Ilikusanywa na kamati iliyotetea haki za wafungwa katika miaka ya hali ya hatari. Kila aliyetoka gerezani aliketishwa mbele ya kinasa sauti, akaulizwa alikula nini, alilalia nini, nani alimpiga. Wanakamati wengi walikuwa wamekwisha kufa. Sauti zilibaki kwenye rafu, katika chumba kinachopozwa mchana na usiku.

Mtunzaji wake, Dokta Lwazi Hadebe, alikuwa mtu mrefu, mwenye sweta safi na ulimi usiotulia.

"Mchunu?" alisema, akibonyeza kompyuta, huku akimwita Khethiwe kwa jina la sifa la akina Zondi. "Nondaba, mbona hukuniletea jina gumu zaidi? Huko Msinga ukirusha jiwe bila kulenga, anayelia ni Mchunu."

"Vukani. Mwalimu."

"Vukani hakuna. Ila kuna V. Mchunu. Amerekodiwa baada ya kuachiliwa." Akasoma tarehe.

Khethiwe aliilinganisha na faili. Kanda ilikuwa imerekodiwa mwezi mmoja baada ya siku ambayo Vukani alidaiwa kushushwa njiani. Kama sauti ile ilikuwa yake, Mkhize alikuwa amesema kweli, na MaDladla alikuwa na mtoto aliyeondoka bila kugeuka nyuma.

Kabla ya kusikiliza aliuliza yale anayouliza siku zote. Kanda ni asili au nakala? Ilitoka kwa nani? Nani ameigusa? Hadebe alijibu, naye akaandika. Kisha wakavaa vipokea sauti.

Sauti ilikuwa nzito, isiyo na haraka.

"Walitupa mablanketi mawili, yote yana damu ya mtu mwingine. Mwenzetu alikuwa anakohoa damu, tukaomba daktari. Wakatuletea askari mwenye funguo. Tukamwambia, mfungwa ana haki ya kuonwa na daktari. Akauliza, nani amewafundisha neno haki? Nikataka kulalamika kwa maandishi. Mwenzangu akaniandikia, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Mama yangu alikufa nikiwa bado mchungaji mdogo..."

Khethiwe alisimamisha kanda. "Siye."

"Kwa sababu ya mama? Labda alimficha. Watu walikuwa wakiwaficha wazazi wao, polisi wasije wakawafuata."

"Kumficha mama, anaweza. Lakini Vukani alifundisha darasa la saba miaka sita. Msikilize huyu anavyosema hajui kuandika. Hajitetei, wala haoni aibu. Hiyo ni habari yake ya kila siku."

Hadebe alirudisha mkanda nyuma, akasikiliza tena, akakubali kwa kichwa. "Basi tumemaliza akina Mchunu."

"Wenye majina ndio tumewamaliza. Kanda zisizo na jina mnaziweka wapi?"

"Mayatima?" Hadebe alisita. "Zipo. Lakini nakuonya, humo mna mbwa wanaobweka, mna kwaya, mna mtu aliyesahau kuzima mashine akaenda kula."

Alileta sanduku la mbao. Zote zilitoka kwa Padri Anselm Dube, aliyekuwa na desturi ya kwenda gerezani kuwachukua walioachiliwa na kuwapeleka makwao kwa gari lake. Kinasa sauti alikibeba katika mfuko wa vyombo vya misa, na alirekodi njiani, kwa kuwa aliamini kwamba mtu husema vizuri zaidi akiwa anatazama dirishani.

Walisikiliza mbwa. Walisikiliza kwaya. Kanda ya tatu ilikuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa mwandiko safi: *Mwanamume asiyejulikana. Anaongea peke yake. Amechanganyikiwa. Hakuna mahojiano.*

"Nani aliandika hivi?"

"Mwanafunzi wa theolojia aliyetusaidia kupanga. Kijana makini sana."

Khethiwe aliiweka kanda mashineni.

Kwanza zilisikika hatua kwenye sakafu ya saruji, na upepo ukitikisa mabati. Kisha kitu kama majani makavu yakisuguana, karibu kabisa na kinasa. Kisha mtu akasema kwa sauti ya chini:

"Toka sasa, Macingwane. Hapa ndipo ulipoanguka, na mimi nilikuwapo. Hapa si kwenu. Toka, twende."

Hatua zikatoka nje. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Mwingine. Mwingine tena. Injini ikawaka.

"Hili ni geti la ndani, Phakade. Padri analifungua. Hilo lililo kulia kwetu ni josho, la kondoo tu, lisikutishe."

"Unaona?" alisema Hadebe, akivua kipokea sauti kimoja. "Padri yuko kando yake, wala hasemi naye. Anaongea na hewa. Gereza lilimharibu, maskini."

Macingwane na Phakade ni majina ya sifa ya ukoo wa Mchunu; mtu yeyote wa Natal anayajua. Alirudisha kanda nyuma.

"Mle garini mna watu wangapi, Bhungane?" aliuliza, naye akimwita Hadebe kwa sifa ya ukoo wake.

"Wawili. Padri na huyu mgonjwa."

"Hesabu milango."

Hadebe alihesabu kwa vidole. "Mitatu. Labda mmoja haukushika vizuri, wakaupiga tena. Gari la padri, unalijua."

"Mlango usioshika hupigwa mara mbili mahali pamoja. Sikiliza huu wa mwisho. Uko mbali zaidi na kinasa. Ni wa nyuma."

Walisikiliza tena. Ulikuwa wa nyuma.

"Nani aliingia nyuma?" aliuliza Khethiwe.

"Hakuna anayesikika huko."

"Ndiyo. Kwenu mtu akifia mbali, mnamrudishaje nyumbani?"

"Kwa jeneza, bila shaka. Baba yangu alikuwa mchungaji, Nondaba. Kuna mambo hayakupita hata kizingiti chetu. Hatukuyatukana, lakini hatukuyafundishwa."

"Baba yangu mimi alifia hospitali ya mgodi, Transvaal," alisema Khethiwe. "Mwili ulizikwa hukohuko. Baba yangu mdogo alikwenda na tawi la umlahlankosi, ule mti wenye miiba miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Akasimama kando ya kitanda alichofia, akamwita kwa sifa za ukoo, akamwambia twende nyumbani. Kwenye treni alikata tiketi mbili. Abiria mmoja alitaka kukalia kile kiti cha pili, ikawa ugomvi wa behewa zima. Na njia nzima baba mdogo hakusema na mtu. Mwenye tawi hazungumzi na aliye hai mpaka afike. Anazungumza na mwenzake tu. Kila mto, kila njia panda, anamwambia, asije akapotea."

Hadebe aliitazama mashine. "Kwa hiyo hayo majani..."

"Ndilo tawi. Na mlango wa tatu umefunguliwa kwa ajili ya aliyekufa. Huyu mtu hajachanganyikiwa. Amekwenda kumchukua mwenzake mahali alipofia, na anamwonyesha njia." Alichomoa kalamu. "Anatuonyesha na sisi. Nitafutie ramani ya Msinga, ile kubwa ya wapimaji."

Ramani ilifunika meza nzima. Hadebe aliendesha mashine, Khethiwe akaandika kila alichosikia. Geti la ndani, josho kulia. Bwawa lenye mti uliokufa katikati. Geti la pili. Reli isiyo na kizuizi. Kiwanda cha mbao, ambako yule mtu alisema, "Unasikia harufu ya miti ya wattle, Macingwane? Tumekaribia." Barabara ya lami. Mteremko mrefu, padri akibadilisha gia. Katikati ya maneno hayo padri alimuuliza mara moja kama angependa maji. Hakujibiwa, wala hakuuliza tena. Padri alijua.

"Ule kule chini ni Thukela," ilisema sauti. "Na vile vilima vyekundu ng'ambo ni kwenu Ezibomvini. MaDladla anakungoja."

Hadebe alitoa pumzi. "MaDladla. Ni mama yake."

"Wapo akina MaDladla wengi. Ngoja."

Gari lilipunguza mwendo. Sauti mpya, ya mbali, ikapiga kelele:

"Simama hapo! Zima!"

"Habari za mchana, sajini," ilisema sauti ya padri. "Mimi ni Padri Dube."

"Na huyu bubu mwenye miiba ni nani?"

"Hawezi kukujibu. Amesafiri na marehemu."

"Marehemu! Yuko wapi, kwenye buti?"

Watu kadhaa walicheka.

"Yuko kiti cha nyuma," alisema padri.

"Hicho kiti ni kitupu, Padri. Kama mna mtu humo, na mimi ni mjomba wa mfalme!"

Kicheko kilifuata. Kilianzia puani, kikapanda, kikakatika ghafla.

Khethiwe aliinua mkono, na Hadebe akasimamisha kanda. Mpelelezi alifungua maandishi yake ya asubuhi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akamgeuzia daftari asome.

"Huyu ni nani?" aliuliza Hadebe.

"Ni mtu ambaye hajawahi kufanya kazi Msinga. Hata siku moja. Endelea."

"Wewe! Jina lako?" ilisema sauti ya sajini. Pakasikika kofi. "Unaulizwa jina!" Kofi la pili. Majani yalisuguana kwa nguvu, kisha yakatulia. Hapo mwenye tawi akasema. Sauti yake ilikuwa imesogea karibu kabisa na kinasa, na alitamka kila neno peke yake, kama msomaji wa kanisani.

"Tumesimamishwa, Vukani Mchunu. Tumesimamishwa darajani, mwana wa MaDladla, mwalimu wa Ezibomvini. Mimi Bhekani Ndlovu wamenishika. Siwezi kukuvusha. Kaa hapa kando ya daraja. Usirudi kule bandani. Atakuja mwingine."

Kikafuata kishindo, na mlio mdogo wa kitufe. Kanda ikawa kimya.

Hadebe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaifuta tena.

"Njia nzima amemwita kwa ukoo tu," alisema Khethiwe. "Aliyekufa anajijua jina. Hapa mwisho amelisema lote, na kijiji, na mama, na lake mwenyewe. Hayo hakumwambia Vukani. Alijua mfuko wa padri ulikuwa na nini."

Walimtafuta Bhekani Ndlovu. Jina lake lilikuwamo, katika malalamiko ya kamati: mfungwa aliyenyimwa dawa ya kifua kikuu, akafa gerezani mwaka uleule. Walimtafuta padri pia. Aliachiliwa jioni ileile, akauacha mfuko wake kanisani. Kesho yake asubuhi aliondoka tena kuelekea Msinga, peke yake. Gari lake lilikutwa bondeni, kabla ya daraja.

"Alikuwa anakwenda kumwambia mama," alisema Hadebe.

"Hilo nalo litakuwa faili. Leo tumalize hili."

Kutoka darajani Khethiwe aliirudisha kalamu nyuma kwenye ramani: mteremko, lami, kiwanda, reli, bwawa. Reli inaivuka njia ile mahali pamoja tu. Upande wa pili wa reli palikuwa na mashamba manne. Moja tu lilikuwa na bwawa na alama ya josho. Liliitwa Doringhoek.

*

Jumanne asubuhi Mzee Mkhize hakukunja mikono. Aliitazama mashine ndogo ambayo Khethiwe aliiweka mezani.

"Kabla hatujaanza," alisema Khethiwe, "una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwa na wakili hapa. Utakalosema laweza kutumiwa mahakamani." Aliyasoma yote kutoka kwenye kadi, bila kuruka neno.

"Unanisomea mimi hayo? Nimeyasoma kwa watu kabla hujazaliwa."

"Ulimsomea Vukani?"

"Washa kidude chako."

Aliwasha. Sauti ya sajini ikaijaza sebule: *Kama mna mtu humo, na mimi ni mjomba wa mfalme!* Kikafuata kicheko.

Jikoni MaShezi alikuwa anakoroga uji. Alitokeza kichwa, mwiko mkononi, anatabasamu.

"Nani huyo anakuigiza, baba Nomusa? Loo, mpaka kicheko! Hivyo ndivyo ulivyokuwa unacheka uliponichumbia."

"Rudi jikoni."

Tabasamu la MaShezi lilififia, lakini hakurudi jikoni.

"Sauti za watu hufanana," alisema Mkhize.

"Ni kweli. Tuyaache ya sauti," alisema Khethiwe. Alikunjua nakala ya ramani. "Nisaidie kidogo hapa. Nataka jaji aelewe lile shamba lilivyo. Mtu akiingia kwa geti hili kuelekea bandani, josho liko kulia kwake, halafu..."

"Kushoto."

Uji ulisikika ukichemka jikoni.

Khethiwe aliandika neno hilo moja, akaandika na saa. Anayetoka huliona josho kulia, kama kwenye kanda; aliyewahi kuingia ndiye hulijua kushoto. Kisha akafungua hati ya kiapo, akaisoma taratibu: "'Sijapata kufanya kazi Msinga, wala kulifahamu shamba lolote upande huo.'"

Mzee alikuwa ameukazia macho ukuta, mahali palipotundikwa picha za wajukuu. Alikaa hivyo mpaka harufu ya uji ulioungua ikafika sebuleni, na hakuna aliyekwenda kuuondoa.

"Mnataka nini?" aliuliza hatimaye.

"Mahali."

"Sikumpiga mimi. Uandike hivyo. Mimi nilikuwa dereva."

"Naandika. Mahali, Khabazela."

"Nyuma ya josho. Kuna ukuta wa mawe, zizi la zamani. Ndani yake, kona ya juu." Aliweka kidole kwenye ramani. "Sikuchimba. Nilishika taa tu."

"Ulishika taa," alisema MaShezi.

Hakumuuliza. Alilirudia kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Aliuweka mwiko juu ya ramani ya mpelelezi, akaingia chumbani, akafunga mlango.

*

Jumatano Khethiwe aliivuka Thukela, akapanda vilima vyekundu hadi Ezibomvini. MaDladla alimpokea ndani ya nyumba ya mviringo, upande wa wanawake, akampa kikombe cha maziwa ya mgando. Alikuwa mwembamba na macho yake hayakuona vizuri tena, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Umeniletea nini, mwanangu? Nguo au maneno?"

"Maneno, mama. Si ya kwake. Ni ya mtu aliyekuwa naye."

Alisikiliza kanda yote ameinama. Palipofika makofi, alitikisa kichwa mara moja. Palipofika *Kaa hapa kando ya daraja*, aliomba arudishiwe. Alirudishiwa. Akaomba tena.

"Darajani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Upande ule wa maduka."

"Upande ule, ndiyo. Kabla ya kuvuka."

"Kila mwezi navuka pale kwenda kuchukua posho ya wazee. Naketi kwenye ukingo wa lile daraja kupumzika, kwa sababu ya magoti. Nakula chungwa langu pale, narudi." Aligusa mashine kwa ncha za vidole. "Nimekuwa nikimpita. Yeye ananiona, na mimi naondoka."

Khethiwe aliweka kikombe chini. Alieleza utaratibu: mwendesha mashtaka alikuwa mbele ya jaji asubuhi hiyohiyo kuomba amri ya kuchimba Doringhoek. Mifupa ikipatikana itapimwa, kisha atakabidhiwa azike. Mkhize ametia saini maelezo mapya. Kesho mahakamani hakuna atakayesema tena kwamba Vukani alitoroka.

"Vizuri," alisema MaDladla. "Mifupa ni ya mahakama mpaka waimalize. Nitaingoja, nimekwisha kuzoea. Lakini yeye mwenyewe hayuko tena bandani. Yule mwana wa Ndlovu alimtoa, akamwambia asirudi. Yuko pale darajani, na kwa huyo simngojei jaji."

"Nani atabeba tawi, mama? Baba zake wadogo..."

"Wote wamekwenda. Alisema atakuja mwingine. Hakusema lazima awe na ndevu."

Alimwita mtoto wa shemeji yake, akamtuma kukata tawi la umlahlankosi nyuma ya zizi. Alijifunga blanketi lake jeusi mabegani, akajipaka mafuta usoni kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Khethiwe alimshika mkono mpaka kwenye gari.

Walilivuka daraja, wakashuka upande wa maduka. Malori yalipita. Wanawake waliouza machungwa waliliona tawi mikononi mwa MaDladla wakaacha kuita wateja. Mmoja alimvutia mwanawe kando apishe njia. MaDladla alitembea peke yake hadi mwanzo wa ukingo, pale alipozoea kuketi. Safari hii hakuketi.

"Macingwane," alisema. "Phakade. Vukani wangu. Mimi ndiye yule mwingine. Nimechelewa, baba, hawakuniambia. Sasa twende nyumbani."

Aliliburuta tawi polepole juu ya mawe, akigeuka, akirudi kuelekea gari.

Simu ya Khethiwe ilitetema. Alikuwa mwendesha mashtaka. Khethiwe alisikiliza, akashukuru, akaifunga.

"Mama, jaji ametoa amri. Wanaanza kuchimba leo."

MaDladla hakumjibu wala kumtazama. Aliinamia tawi.

"Wanasema jaji amekubali, Vukani. Hayo tutayasikia tukishafika. Usisimame. Ule mbele yetu ni mto, ni Thukela uleule uliokuwa ukiogea. Tunauvuka sasa."

Khethiwe alimfungulia mlango wa mbele, akamsaidia kuketi na tawi lake, akaufunga. Alizunguka hadi upande wa dereva, akafungua, akaweka faili chini ya kiti, akaufunga tena kutoka nje. Kisha akaenda nyuma. Aliufungua mlango wa tatu kwa upana wake wote, akausimamia kwa muda ambao mtu mzima huhitaji kuinama na kuingia, akaufunga taratibu.